Chai inapunguza mafuta? Kwa panya ndiyo. Lakini mtumishi si panya



Leo nataka tuseme juu ya chai. Najua wengine watacheka: munganga amekosa maneno, sasa anatufundisha chai! Ni kweli, kila nyumba ya kampi inajua chai. Anayetoka posti ya usiku anaikuta mezani pamoja na mkate. Mgeni akifika, anapewa chai mbele hajaulizwa habari ya safari. Lakini chai ninayotaka kusema ni ile inayouzwa sasa katika maboksi mazuri, sokoni na kwa njia ya simu, chai ya kupunguza tumbo. Boksi moja lililetwa kwangu dispanseri. Juu yake imeandikwa kwa Kifaransa kwamba nguvu yake ya kuyeyusha mafuta imehakikishwa kwa wanyama.

Maneno hayo si ya uongo kabisa. Ndiyo maana yanapoteza watu.

Mbele ya kuendelea, lazima niwaambie kosa langu mwenyewe. Mnaniita munganga, lakini mimi ni msaidizi wa munganga. Nilisoma shule ya ufundi ya uganga, nikaanza kazi. Siku moja asubuhi, mstari wa wagonjwa ulikuwa mrefu hata nje ya mlango. Mzee mmoja wa kiwanda cha kuponda mawe alinishika mkono katika njia ya ndani. Alikuwa mgonjwa wa tansio, tulimpa vidonge kila mwezi. Akaniuliza: «Munganga, chai hii ya kupunguza mafuta, ni mzuri?» Mimi nilikuwa na haraka. Nikamjibu: «Mzee, chai haina mbaya, kunywa tu.» Sikumwuliza kitu kingine. Sikumwuliza kama anaendelea na vidonge.

Baada ya majuma matano walimleta usiku juu ya kitanda cha kubebea. Tansio ilikuwa juu sana, mdomo umepinda, mkono wa kushoto haufanyi kitu. Mke wake alituambia kwamba alikuwa ameacha vidonge tangu siku aliyoanza chai. Alimwambia hivi: «Munganga amekubali.» Mzee alipona, anatembea, lakini mkono ule haukurudi kama zamani. Tangu siku ile sijibu tena swali la dawa katika njia, na ndiyo maana naandika leo.

MTI MMOJA, CHAI NYINGI

Mjue kwanza kwamba chai nyeusi, chai ya kijani, ile inayoitwa oolong na ile inayoitwa pu-erh, zote zinatoka kwa mti mmoja. Mti huo ndio unaolimwa kwetu Kivu, na kwa jirani zetu wa Rwanda na Kenya. Tofauti inatoka katika kazi inayofanywa baada ya kuchuma majani.

Majani ya chai ya kijani yanapashwa moto mara moja, kwa mvuke au kwa sufuria, ili yasigeuke rangi. Majani ya chai nyeusi yanakunjwa na kupondwa, yanaachwa kwa hewa mpaka yanageuka mekundu na meusi, kama vile tunda lililokatwa linavyogeuka rangi likiachwa mezani, ndipo yanakaushwa. Oolong iko katikati ya hizo mbili: inaachwa kwa hewa kidogo, kisha inasimamishwa kwa moto. Pu-erh ni chai ya jimbo la Yunnan, nchi ya China. Ile yenye rangi nyeusi inalundikwa na unyevu, na vijidudu vinaichachusha, kama vile sisi tunavyochachusha muhogo.

Kazi hizo zinabadilisha vitu vilivyo ndani ya jani. Chai ya kijani inabaki na vitu vichungu vinavyoitwa katekini. Katika chai nyeusi, sehemu kubwa ya katekini imeungana na kuwa vitu vingine vikubwa zaidi, ndivyo vinavyotoa ile rangi nyekundu. Kafeini, ile inayokuamsha usingizini, iko ndani ya zote.

Majani mengine mnayochemsha nyumbani, kama sitroneli au tangawizi, ni kinywaji kizuri, lakini si mti huo. Habari ya panya ninayotaka kusema haiyahusu.

PANYA WALIONYESHA NINI

Waganga na wataalamu wanaotaka kujua jambo la chakula wanaanza mara nyingi na panya wa kufugwa. Panya anaishi muda mfupi, anakaa katika sanduku lake, anakula kile anachopewa, hawezi kudanganya. Mwishoni wanampasua na kupima mafuta yaliyozunguka matumbo yake.

Mwaka 1999 wataalamu wa Japani waliandika habari ya panya wadogo waliolishwa chakula chenye mafuta mengi. Wale waliopewa na oolong hawakunenepa kama wenzao waliokula mafuta bila chai, na maini yao hayakujaa mafuta sawasawa na ya wale wengine.

Mwaka 2005 wataalamu wa Taiwan walitoa habari ya jaribio lingine. Walichanganya majani ya chai katika chakula cha panya kwa majuma 30. Kikundi kimoja oolong, kingine pu-erh, kingine nyeusi, kingine ya kijani. Oolong ndiyo iliyozuia zaidi uzito kupanda, ikafuatwa na pu-erh, kisha nyeusi, na ya kijani ikawa ya mwisho. Oolong na pu-erh zilishusha zaidi mafuta yanayotembea ndani ya damu. Lakini kwa kolesteroli, pu-erh na chai ya kijani ndizo zilizokuwa na nguvu kupita zingine. Basi mnaona, hata kwa panya hakuna chai moja inayoshinda zote kwa kila jambo. Muuzaji anayesema «hii tu ndiyo ya kweli» anasema zaidi ya panya wenyewe.

Namna gani chai inafanya kazi hiyo? Wataalamu wameona njia nyingi. Nitasema nne.

Njia ya kwanza iko tumboni. Tukila mafuta, kongosho linatoa maji yenye kitu cha kuyakata vipande vidogo ili yaingie katika damu. Kitu hicho kinaitwa lipazi. Vitu vichungu vya chai vinaidhoofisha lipazi. Mafuta yasiyokatwa hayaingii mwilini, yanatoka na choo. Kwa panya waliopewa chai, choo kilikutwa na mafuta zaidi.

Njia ya pili iko katika ghala la mafuta, ndiyo chini ya ngozi na kuzunguka matumbo. Kafeini na katekini zinasaidia mwili wa mnyama kufungua ghala hilo na kuchoma mafuta kidogo zaidi.

Njia ya tatu ni vijidudu vya matumbo. Ndani ya utumbo tunabeba vijidudu vingi sana, vingine vizuri, vingine vibaya. Mwaka 2017 wataalamu wa Los Angeles, Marekani, walilisha panya wadogo chakula cha mafuta na sukari nyingi. Kwa wengine waliongeza unga wa chai ya kijani au wa chai nyeusi, kafeini imetolewa. Baada ya majuma manne, panya wa chai walirudi kwa uzito uliokuwa sawa na wa wale waliokula chakula chepesi. Vitu vya chai nyeusi ni vikubwa, haviingii sana katika damu, vinabaki utumboni na kubadilisha vijidudu. Vile vya chai ya kijani vinaingia kwa wepesi zaidi, vinafika katika maini. Basi chai nyeusi yetu, ambayo watu wanaidharau mbele ya maboksi ya rangi ya kijani, nayo ina kazi yake.

Njia ya nne ni nyongo. Mwaka 2019 wataalamu wa China walionyesha kwamba kitu cheusi kilicho katika pu-erh kinapunguza vijidudu fulani vinavyogusa nyongo. Nyongo ikibadilika, ini linatumia kolesteroli zaidi kwa kutengeneza nyongo nyingine, na kolesteroli ya damu inashuka.

Hayo yote ni kazi ya kweli ya watu wenye elimu, nami sina neno juu yao. Ninalokataa ni ule mruko wa kutoka kwa sanduku la panya mpaka mfuko wa mshahara wako.

PANYA NA MTUMISHI

Tazama tofauti. Panya wa jaribio anakula chai katika kila tonge, usiku na mchana, kwa muda ambao kwake ni sehemu kubwa ya maisha. Panya wote wale ni kama ndugu wa baba mmoja, wanakula chakula kimoja kilichopimwa. Panya hashuki chini ya udongo, hafanyi posti ya usiku, hanywi pombe siku ya mshahara. Panya hana vidonge vya tansio vya kusahau.

Tena panya wale wa Taiwan hawakupungukiwa na mafuta peke yake. Kukua kwao pia kulizuiliwa. Kwa mtu mnene jambo hilo linaweza kupendeza. Lakini wewe mama, unataka kuzuia kukua kwa mtoto wako? Nimeona nyumba ambamo mtoto wa miaka mitatu anapewa asubuhi kikombe cha chai kali na kipande cha mkate, basi. Mtoto anahitaji uji wenye karanga au maharagwe, hahitaji kitu cha kufukuza mafuta.

Na watu waliojaribiwa, ilikuwaje kwao? Kikundi cha Cochrane, ambacho kazi yake ni kukusanya majaribio ya uganga ya dunia na kuyapima pamoja, kilitazama mwaka 2012 majaribio ya chai ya kijani kwa watu wazima wanene. Uzito uliopungua ulikuwa mdogo sana, hata hauna maana kwa uganga. Kumbe chai iliyofanya kazi kubwa kwa panya, kwa mtu imefanya kazi ndogo tu.

Wanyama wametufundisha na jambo lingine, lakini hilo haliandikwi juu ya boksi. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani waliandika habari ya mbwa waliopewa dawa iliyotengenezwa kwa kukamua nguvu ya chai ya kijani, tena kwa tumbo tupu. Mbwa wengi waliugua na kufa, hata jaribio likasimamishwa mbele ya mwisho wake. Mwaka 2018 ofisi ya Ulaya inayochunga usalama wa chakula ilisema kwamba vidonge vya chai ya kijani, kama vinampa mtu miligramu 800 au zaidi kwa siku za ile katekini kubwa yake, vinaweza kuumiza maini. Chai ya kawaida ya kikombe haikukatazwa. Lakini mtu anayemeza vidonge vya chai kwa tumbo tupu ili tumbo lishuke mbio, afikiri juu ya mbwa wale.

CHAI INAYOPITISHA TUMBO

Kuna mtego mwingine. Katika chai nyingi za kupunguza tumbo mnakutana na majani ya sene. Sene haitoki kwa mti wa chai. Ni dawa ya kuharisha. Ukiinywa jioni, asubuhi unakwenda choo mara tatu, mara nne, unapanda mizani na kuona kilo moja imekwenda. Unafurahi. Lakini kilichotoka si mafuta. Ni maji na chumvi za mwili. Ukinywa maji, kilo inarudi.

Kwa mtu aliyeketi ofisini, labda ataumwa tumbo tu. Kwa wewe unayefanya kazi mbele ya tanuru, au chini ambako joto ni kali, ni hatari kubwa. Jasho linakutoa maji, na chai ile inakutoa maji tena. Kizunguzungu kinakuja, miguu inakazana, moyo unapiga vibaya. Mtu anayeona kizunguzungu juu ya ngazi au karibu na ukanda unaobeba mawe hajiletei hatari peke yake, anawaletea na wenzake. Kofia ya kazi na viatu vya chuma havitakusaidia kama mwili umekauka.

Kwa hiyo, ukiona juu ya boksi neno «séné», weka chini. Na kama boksi halina maandishi ya vitu vilivyo ndani, weka chini pia.

ADUI YUKO KATIKA KIJIKO

Sasa tuje mezani petu. Katika kampi nyingi, mtu mzima anatia vijiko vitatu vya sukari katika kikombe kimoja, tena vijiko vilivyojaa. Hesabu pamoja nami. Kijiko kilichojaa ni karibu gramu 5. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni vijiko 12, ndiyo gramu 60. Kwa mwezi wa siku 30 ni gramu 1.800, karibu kilo mbili za sukari kwa mtu mmoja, katika chai peke yake, bila kuhesabu limonadi na biskuti.

Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isipite sehemu ya kumi ya nguvu ya chakula, ndiyo karibu gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na kwamba kushuka mpaka gramu 25 ni bora zaidi. Basi sisi tumeshapita mpaka kwa chai tu. Na sukari inayozidi, mwili unaigeuza kuwa mafuta, unaiweka palepale tumboni ambapo ulitaka kupunguza. Chai inafukuza mafuta kwa mkono mmoja, sukari inayarudisha kwa mikono miwili.

Mtu atanunua boksi la chai ya kuyeyusha mafuta kwa bei inayoweza kulisha watoto unga wa siku nyingi, kisha ataitilia vijiko vitatu kwa sababu ni chungu! Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu, na aliyelifanya ni mtu mwenye akili.

MIMI NASEMA HIVI

Kunywa chai yako bila woga. Chai nyeusi ya kawaida, ile ya Kivu, inatosha. Hakuna lazima ya kutafuta ya China au ya Japani. Kama unapenda ya kijani na una pesa, kunywa, lakini si dawa.

Punguza sukari pole pole. Juma hili vijiko viwili na nusu, juma linalofuata viwili, kisha kimoja na nusu, mpaka kimoja au hakuna. Ulimi unazoea. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa vijiko vinne, na mke wangu alinicheka. Leo chai yenye vijiko vinne inanishinda. Mama wa nyumba aanze kwa sufuria: asitie sukari ndani ya chai yote, kila mtu atie yake mezani, aone kwa macho yake anachotia.

Usinywe chai pamoja na chakula, ngoja karibu saa moja. Chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika sombe na maharagwe, na bila chuma damu inapungua. Maneno haya ni zaidi kwa mama mwenye mimba na kwa watoto. Na kama unatoka posti ya usiku, usinywe chai kali mbele ya kulala. Kafeini itakuibia usingizi, na mtu asiyelala anarudi kazini na hatari.

Zaidi ya yote: usiache vidonge vya tansio wala vya ugonjwa wa sukari kwa sababu ya chai yoyote. Tansio haiumi. Ukijisikia vizuri, ni vidonge vinavyofanya kazi, si alama ya kuviacha. Mzee niliyewaambia alijisikia vizuri kabisa mpaka ile saa alipoanguka.

Na kwenu, wenzangu wa dispanseri, neno moja pia. Mtu akituuliza juu ya chai, juu ya mizizi, juu ya chupa ya sokoni, tusimwambie «haina mbaya» huku tunatembea. Tumketishe. Tumwulize anakunywa nini, na ameacha nini. Maswali mawili hayo hayachukui dakika mbili. Mimi nilizikataa dakika hizo mbili, na mtu mwingine amelipa kwa mkono wake.

Kama una boksi la chai ya kupunguza tumbo nyumbani, usione haya. Lilete dispanseri pamoja na karatasi yako ya dawa. Tutasoma pamoja yaliyoandikwa, neno kwa neno, kisha tutapima tansio yako.